Google Search Console kwa biashara ya Mombasa: inafaa wapi, inapotosha wapi

Mwenye hoteli ndogo Nyali, duka la leso Biashara Street au ofisi ya kutoa mizigo bandarini akitaka kujua Google inaionaje tovuti yake, chombo cha kwanza kufungua ni Search Console. Kwa biashara nyingi za mji huu ndicho cha mwisho pia. Ni cha bure, hakina toleo la kulipia lililofichwa mlango wa nyuma, na takwimu zake zinatoka Google yenyewe, si makadirio ya kampuni nyingine. Kina kasoro, na baadhi ni nzito. Ajabu yake ni kwamba ukurasa unaokupokea ukiingia, ule wenye grafu inayopanda na kushuka, una faida ndogo kuliko karibu kurasa zote za ndani. Na wengi huishia hapo hapo.

Kabla ya 2015 kiliitwa Webmaster Tools. Sura ya sasa ilianza Januari 2018, ikaleta takwimu za miezi 16 badala ya siku 90 za awali. Kwetu Pwani tofauti hiyo ni kubwa. Aprili na Mei masika hunyesha, wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kwa matengenezo. Agosti na Desemba hujaa. Anayelinganisha Mei na Januari ataona tovuti imeporomoka hata kama haijapoteza chochote. Bofya tarehe, ingia sehemu ya kulinganisha, chagua kipindi hicho hicho cha mwaka uliopita. Kwa miezi 16 unaweza kulinganisha hadi miezi minne kamili na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana, si zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kukiweka mbele. Mombasa haikosi wauzaji wa "ukurasa wa kwanza wa Google kwa wiki mbili", wala vifurushi vya kuandikisha tovuti kwenye mitambo mia tano ya kutafuta. Google imeandika wazi katika miongozo yake kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Na mitambo mia tano yenye watu wanaoitumia haipo. Ripoti ya mwezi ya mtaalamu wa SEO (kazi ya kuiboresha tovuti ionekane kwenye Google) isiyotoka Search Console, au inayotoka humo ilhali wewe mwenye biashara huna ruhusa ya kuingia ujionee, ni karatasi ya rangi tu.

Sajili kwa jina lako, si la fundi

Search Console inasajili tovuti kwa njia mbili. Ya kwanza ni domeni nzima (jina la tovuti, kama mfano.co.ke), ambayo inakusanya kila kitu: yenye www na isiyo na www, http na https, na vijidomeni vyote kama vile blogu. Ya pili ni anwani mahususi, na hii huhesabu kile tu ulichoandika. Aliyesajili anwani ya http yenye www, huku tovuti yake ikikaa kwenye https bila www, ataona grafu tupu na kudhani Google haimjui. Chagua domeni nzima.

Domeni nzima huthibitishwa kwa rekodi ya DNS, mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake. Utapewa mfuatano wa herufi unaoanza na google-site-verification= na kazi yako ni kuuweka kama rekodi ya maandishi, TXT. Hapa ndipo watu hukwama, na karibu kila mara ni kwa sababu hizi. Kwanza, DNS haiko lazima mahali ulipolipia domeni. Kama aliyetengeneza tovuti aliihamishia kampuni ya Cloudflare, rekodi utakayoiweka kwenye cPanel (paneli ya mipangilio) ya kampuni ya hostingi itakaa pale bila kazi. Angalia kwanza seva za majina (nameservers) za domeni yako zinaelekea wapi. Pili, kwenye nafasi ya jina weka alama ya @ au iache wazi. Ukiandika domeni kamili, paneli nyingine huiongeza tena mwishoni, rekodi ikawa ya mfano.co.ke.mfano.co.ke. Tatu, nafasi tupu au alama za kunukuu zilizoingia wakati wa kunakili. Mara nyingi uthibitisho hukubali ndani ya saa moja, lakini DNS nyingine huchukua siku mbili tatu, kwa hiyo usianze kubadilisha-badilisha kabla ya kusubiri. Ikishakubali, usiifute rekodi hiyo. Google hurudi kuikagua, na ikikosekana umiliki unaondoka.

Akaunti iwe ya biashara, barua pepe ambayo nenosiri lake liko kwako. Fundi mpe kiwango cha mtumiaji kamili. Ataona kila anachohitaji kuona bila kuwa mmiliki. Akiondoka, kumtoa kwenye orodha ya watumiaji hakutoshi. Kama aliwahi kuthibitisha kwa rekodi, faili au tagi yake mwenyewe na bado ipo kwenye tovuti, ataweza kujirudisha kuwa mmiliki wakati wowote. Kwenye mipangilio ya watumiaji kuna orodha ya alama za umiliki zisizotumika. Ipitie, kisha uondoe kila usiyoitambua kwenye DNS au kwenye seva.

Domeni yenyewe ni jambo la pembeni lakini zito. Majina ya .ke yako chini ya KeNIC na huuzwa kupitia wasajili. Kama aliyesajiliwa ni fundi badala ya wewe, Search Console haiwezi kukusaidia siku mtakayokosana.

Ripoti ya utendaji, isomwe kuanzia kurasa

Ripoti hii ina namba nne: mibofyo, mara ulizoonekana, asilimia ya waliobofya, na nafasi ya wastani kwenye matokeo (1 ndiyo ya juu kabisa). Washa zote nne, weka kipindi cha miezi mitatu, kisha uiache grafu. Teremka kwenye jedwali, ingia sehemu ya kurasa, bofya ukurasa mmoja, halafu rudi sehemu ya maneno ya utafutaji. Sasa unaona ni maneno gani yanauleta ukurasa huo peke yake. Ukianza na maneno ya tovuti nzima, bei ya vyumba, ramani ya kufika na nafasi za kazi vinachanganyika kapu moja na huwezi kuamua chochote.

Unachotafuta ni maneno yenye nafasi kati ya 5 na 15, yanayoonekana mara nyingi na kubofywa mara chache. Chukua mfano wa duka ambalo ukurasa wake umeonekana mara 900 kwa "madera ya jumla Mombasa", nafasi ya 8, mibofyo 6. Hiyo haifiki hata asilimia moja. Fungua ukurasa, utakuta kichwa chake kimeandikwa "Karibu" au jina la duka tupu. Mnunuzi wa Voi anayetafuta madera ya kuuza hajui jina la duka hilo, na "Karibu" haimwambii kitu. Kichwa kama "Madera na leso za jumla, Biashara Street Mombasa" kinamjibu kabla hajabofya. Weka maneno yenye uzito mwanzoni; Google haijatangaza kikomo cha herufi, lakini zikizidi 60 hivi mwisho hukatwa kwenye simu. Ndani ya ukurasa andika kiwango cha chini cha kununua, bei ya dazeni, na jinsi mzigo unavyotumwa nje ya Mombasa, maana hayo ndiyo mtu wa jumla huuliza. Google wakati mwingine hukibadilisha kichwa chako ikiona hakilingani na yaliyomo, kwa hiyo usikijaze maneno ambayo ukurasa hauyagusi.

Badilisha jambo moja kwa ukurasa mmoja, subiri siku 28, ulinganishe na siku 28 za kabla. Aliyebadilisha kichwa, picha na menyu wiki moja hatajua kilichofanya kazi ni kipi.

Kichujio cha maneno kinakubali mifumo ya regex, ambamo | ni "au" na ^ ni "yanayoanza na", tangu 2021, na hapa ndipo chombo hiki kinapowazidi wengine kwa biashara zetu. Ukiandika leso|kanga|khanga unapata watafutaji wote wa bidhaa moja, wa Kisauni, wa Dar es Salaam na mtalii, kwenye jedwali moja. Ukiandika ^(bei|gharama) unabaki na waliotaka kujua pesa ngapi, na hao wako karibu kununua. Kichujio cha pili cha lazima ni cha kuliondoa jina la biashara yako. Anayeandika jina lako anakujua tayari. Mibofyo hiyo si kazi ya SEO. Mtaalamu akikuonyesha kwamba wageni wameongezeka, toa jina lako kwenye hesabu kwanza. Pengine lililofanya kazi ni bango lako la Daraja la Nyali.

Sasa nafasi ya wastani, namba inayowatia watu wasiwasi bure kuliko zote. Tuseme ukurasa wako ulikuwa unaonekana mara 10 kwa neno moja, nafasi ya 3. Wastani ni 3. Mwezi uliofuata Google ikaanza kuuonyesha kwa neno jipya pana, mara 90, nafasi ya 60. Hesabu: 3 mara 10, jumlisha 60 mara 90, gawanya kwa 100. Unapata 54.3. Grafu imeanguka kutoka 3 hadi 54 na hujapoteza hata mteja mmoja. Ulichofanya ni kupata neno jipya. Nafasi ya wastani ya tovuti nzima haina maana. Isome kwa neno moja, kwa ukurasa mmoja, na ikiwezekana kwa nchi moja, basi.

Takwimu zenyewe zina mashimo yake. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jumla ya safu za jedwali huwa ndogo kuliko jumla ya juu, na tovuti ndogo ndizo zinazoumia zaidi. Jedwali huishia safu 1,000. Siku huhesabiwa kwa saa za California: siku mpya ya ripoti huanza saa nne au saa tano asubuhi yetu, kutegemea majira yao, hivyo mibofyo ya Ijumaa asubuhi mapema yatakaa ndani ya Alhamisi. Majibu ya akili bandia yanayotokea juu ya matokeo huhesabiwa humo humo pamoja na matokeo ya kawaida na huwezi kuyatenga, upungufu ambao kwa sasa ndio unaokera zaidi. Na kama grafu yako ya mara ulizoonekana ilishuka ghafla Septemba 2025 huku nafasi ya wastani ikiwa bora, usihangaike: Google iliacha kukubali kigezo cha kuonyesha matokeo 100 kwa mpigo, na tovuti nyingi zikapoteza mionekano iliyokuwa ya programu za kufuatilia nafasi. Wanunuzi hawakuwemo.

Kurasa zisizoingia kwenye faharasa

Ripoti ya kurasa inakuambia zipi zimeingia kwenye faharasa ya Google (orodha ya kurasa inazoweza kuonyesha) na zipi zimeachwa, pamoja na sababu. Nyingi ya sababu hizo si kosa. Ukurasa uliofutwa ukitoa 404 (jibu la "haupo"), ndivyo inavyotakiwa. Anwani inayoelekeza kwingine haitaingia, na haipaswi kuingia. Usijaribu kuifanya orodha ya zilizoachwa iwe sifuri.

Kosa la kwanza la kukagua kwenye tovuti mpya ni noindex, agizo la kuizuia Google isiuorodheshe ukurasa. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, mipangilio ya usomaji ina kisanduku kinachoiomba mitambo ya kutafuta isiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwasha wakati wa ujenzi, kwa haki kabisa, kisha tovuti hufunguliwa na kisanduku kimebaki vile vile. Miezi inapita, na mwenyewe ananunua kifurushi cha SEO kwa tovuti iliyojifungia mlango. Bandika anwani ya ukurasa kwenye kikaguzi cha anwani kilicho juu kabisa. Jibu la kwanza litakalotoka ni la kumbukumbu ya Google, huenda ni la wiki zilizopita. Kuona hali ilivyo leo bonyeza jaribio la moja kwa moja. Watu wengi hurekebisha tatizo, wakatazama jibu la kwanza, wakaona halijabadilika, wakaharibu walichokuwa wamekirekebisha.

Kitufe cha kuomba ukurasa uingizwe kina kikomo kwa siku, na kukibonyeza tena na tena kwa ukurasa ule ule hakuuharakishi. Wanaouza "kuingizwa papo hapo" kwa kutumia API ya Google (mlango wa programu kutuma maombi) wanatumia njia ambayo Google imeiruhusu kwa matangazo ya kazi na video za moja kwa moja pekee.

Hali mbili zinachanganywa sana, na tiba zake ni tofauti. Ya kwanza ni ukurasa uliogunduliwa lakini haujasomwa. Google inaijua anwani, ila haijaja kuisoma. Kwa tovuti ndogo hii mara nyingi ni seva dhaifu, au ukurasa usiounganishwa na chochote isipokuwa ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya anwani zake). Ingia kwenye mipangilio, fungua takwimu za utambazaji (jinsi Google inavyopita kuisoma tovuti), tazama wastani wa muda wa kujibu na idadi ya majibu ya 5xx, yaani makosa ya seva. Seva ya bei ya chini inayohudumia mamia ya tovuti hujionyesha hapo waziwazi. Kisha weka viungo vya kwenda kwenye ukurasa huo kutoka ukurasa wa mwanzo au kwenye ukurasa wenye wageni wengi.

Ya pili ni ukurasa uliosomwa kisha ukaachwa. Hapa seva haina hatia. Google imekuja, imesoma, imeona hauna jipya. Ofisi za kutoa mizigo ndizo zinazoongoza kwa hili. Hutengenezewa kurasa ishirini, moja ya Changamwe, moja ya Miritini, moja ya Jomvu, moja ya Kisauni, maneno yale yale na jina la mtaa limebadilishwa. Kurasa za aina hiyo zimetajwa kwenye sera za Google za taka, na tangu Machi 2024 sera hizo zinagusa pia maudhui yanayozalishwa kwa wingi, yawe yameandikwa na mtu au na mashine. Tiba ni kuziunganisha. Ukurasa mmoja ulioeleza nyaraka zinazohitajika kutoa gari, gharama zipi hulipwa kwa nani, na siku za bure za kuhifadhi mzigo zinahesabiwa tangu lini, utashinda ishirini hizo. Anwani za zamani zielekeze kwenye huo mmoja kwa 301, elekezo la kudumu.

Ramani ya tovuti itume mara moja, uisahau. Alama ya kufaulu maana yake faili imesomwa, haimaanishi kurasa zimeingia. Faili moja huchukua anwani 50,000 au megabaiti 50, kikomo ambacho duka la Marikiti halitakifikia. Google hupuuza sehemu za kipaumbele na marudio ya mabadiliko. Tarehe ya kusasishwa huifuata kama ni ya kweli. Plagini (programu ya nyongeza) inayobadilisha tarehe ya kurasa zote kila usiku inakupotezea imani hiyo.

Kitufe cha kuhakiki marekebisho kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kukibonyeza si lazima, maana Google itarudi kusoma hata usipokigusa.

Kasi

Ripoti ya kasi kwa biashara nyingi za hapa itakuwa tupu. Inategemea vipimo vya watumiaji halisi wa Chrome kwa siku 28, na tovuti yenye wageni wachache haifikii kiwango cha kuonyeshwa. Utupu huo si adhabu. Nenda kwenye chombo cha Google cha kupima kasi, PageSpeed Insights, pima ukurasa mmoja mmoja kwa simu. Mipaka ni hii: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na kuruka-ruka kwa ukurasa kusizidi 0.1. Kipimo cha mguso kilichukua nafasi ya kile cha zamani, FID, Machi 2024, kwa hiyo ripoti ya mtaalamu inayotaja FID ni ya kunakili.

Kwenye hoteli, mzizi wa tatizo karibu daima ni picha. Picha ya ufuo iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kamera ina megabaiti tano. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,600, iwe ya muundo wa WebP, na ikae chini ya kilobaiti 200. Picha ya juu kabisa usiicheleweshe kwa upakiaji mvivu, unaosubiri msomaji aifikie picha. Za chini ndizo za kucheleweshwa. Andika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, la sivyo maandishi yatasukumwa chini kila picha inapofika. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini tovuti ikikaa kwenye seva ya Marekani, kila ombi la mteja wa Bamburi bado linavuka bahari kwenda na kurudi. Pia kumbuka Google husoma toleo la simu. Fundi aliyeficha jedwali la bei kwa kuliondoa kabisa kwenye toleo hilo ili ukurasa upendeze, ameliondoa na kwenye Google.

Wageni wa Kijerumani na Kiitaliano

Hoteli za Nyali, Diani na Malindi huweka kitufe cha kutafsiri tovuti papo hapo na kuamini zimepata Kijerumani. Hazijapata. Maneno yakibadilika kwenye skrini huku anwani ikibaki ile ile, Google haina ukurasa wa Kijerumani wa kuorodhesha. Kila lugha inahitaji anwani yake, kama /de/ na /it/, na tagi za hreflang (alama kwenye msimbo zinazotaja lugha ya kila toleo) zinazoelekezana pande zote mbili: wa Kiingereza ukiutaja wa Kijerumani, wa Kijerumani lazima uutaje wa Kiingereza, vinginevyo tagi hupuuzwa. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Sv ni Kiswidi, na ke peke yake si lugha ya Kenya.

Search Console zamani ilikuwa na ripoti ya makosa ya hreflang. Iliondolewa 2022 na hakuna mbadala ndani yake, upungufu mkubwa kwa mji unaoishi kwa watalii. Kinachobaki ni kichujio cha nchi: chagua Ujerumani, tazama ni kurasa zipi zinaonyeshwa huko. Ukiona za Kiingereza ndizo zinazotokea huku za Kijerumani zipo, tagi zina kasoro. Programu ya Screaming Frog hukagua tovuti hadi anwani 500 bila malipo, na hoteli nyingi haziifikii nusu ya hiyo.

Kisichokuwemo

Search Console huishia kwenye mbofyo. Mteja akibofya kisha akakutumia ujumbe wa WhatsApp, au akapiga simu, haijui. Kwa Mombasa, ambako mauzo mengi hufungwa kwa WhatsApp, utahitaji Google Analytics, chombo kinachofuata anachofanya mgeni ndani ya tovuti, iliyopangwa kuhesabu kila mbofyo wa kiungo cha wa.me kinachofungua WhatsApp.

Ramani za Google nazo ni chombo kingine, Business Profile, na kwa duka la Mji wa Kale huenda ndicho cha muhimu kuliko tovuti yenyewe. Mgeni anayetafuta viungo akiwa amesimama karibu na Fort Jesus huona kwanza ramani na maduka matatu. Pini ikae mlangoni kwako, si katikati ya mtaa, kwa sababu vichochoro vile havina namba ambazo mgeni anaweza kuzifuata. Kwenye kiungo cha tovuti kilichomo humo ongeza alama ya kufuatilia ?utm_source=google&utm_medium=organic&utm_campaign=ramani mwishoni, na kwa kawaida mibofyo ya ramani itaonekana peke yake kwenye jedwali la kurasa la Search Console.

Search Console haionyeshi washindani pia. Programu za Ahrefs na Semrush huonyesha, kwa malipo ya kila mwezi ya dola ambayo duka dogo halitayaona yakirudi. Makadirio yao ya maneno ya Kiswahili ni membamba: neno ambalo Search Console inaonyesha limekuletea wateja, wao huandika sifuri. Kwa wakala mkubwa wa safari anayeshindana kwa Kiingereza Ulaya, sawa, alipie. Bing Webmaster Tools, chombo kama hiki cha mtambo wa kutafuta wa Bing, ni bure, huvuta usajili wako kutoka Search Console kwa mibofyo michache, na matokeo ya Bing huingia pia DuckDuckGo. Ni dakika kumi za kazi, zifanye.

Jihadhari na vifurushi vinavyouza mapambo ya matokeo ambayo Search Console inaweza kuyakanusha. Maswali na majibu yanayofunguka chini ya matokeo yalibanwa Agosti 2023, yakabaki kwa tovuti zinazoaminika za serikali na afya. Nyota za maoni kuihusu biashara ambayo imejiwekea yenyewe kwenye tovuti yake hazionyeshwi tangu 2019. Muuzaji akikuahidi moja ya hayo kwa hoteli au yadi ya magari, mwambie akuonyeshe kwenye ripoti ya matokeo maalumu ya mteja mwingine.

Na kwa kuwa miezi 16 ikipita takwimu hufutika bila kurudi, mwanzoni mwa kila mwezi weka kipindi cha mwezi uliokwisha, bonyeza kuhamisha, chagua Google Sheets, faili moja ya kurasa na maneno. Iite kwa mwaka na mwezi, 2025-08, zijipange zenyewe. Tovuti kubwa zinaweza kumwaga takwimu zote kwenye BigQuery, hifadhidata ya Google, kila siku tangu 2023, lakini njia hiyo huanza kuhifadhi siku ulipoiwasha na hairudi nyuma.